Jinsi ya Kumuaga Baharia Anayevuka Bahari Peke Yake

Kila majira ya maleleji, kaskazi ikilegea na kusi haijashika, simu yangu hujaa maswali yale yale. Mwenzetu anatweka kwenda Ushelisheli, yuko peke yake mashuani, tumfungashie nini? Tumsindikize hadi wapi? Akinyamaza siku 3 tumpigie nani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nayaandika yote hapa mara moja.

Mimi nakaa Kilifi, karibu na maji, na nimewahi kuwashikia simu mabaharia kadhaa wa aina hii. Mfano wangu ni Kilifi hadi Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, kama maili 940 za baharini ukinyoosha mstari, maana ndiyo njia ninayoijua. Ukiwa Tanga, Unguja au Las Palmas, badilisha majina ya bandari tu. Na nikwambie mapema: kupunga mikono gatini ni nusu saa. Kinachowashinda watu ni siku 10 au 14 zinazofuata, tanga likishapotea machoni na mama mtu ameanza kuuliza.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Daftari la karatasi na kalamu. Simu huibwa, daftari la shule haliibwi.
- Simu isiyozimwa usiku, na namba ya pili ya akiba.
- Ramani ya bahari ya eneo zima, hata ya kuchapisha nyumbani, na rula.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la wiki ya kuondoka.
- Picha za mashua: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, nyuma, na moja ikiwa na matanga juu.
- Boti ya kusindikiza yenye injini ya kuaminika, petroli ya kwenda na kurudi, na jaketi la kuokoa maisha kwa kila atakayepanda, watoto wakiwemo.
- Chakula na zawadi, lakini msinunue kitu kabla ya kusoma hatua ya 6.

Hatua ya 1. Mtu mmoja ashike simu

Mmoja, na msaidizi wake. Kundi la WhatsApp la watu 40 halishiki simu ya mtu aliye baharini, linashika uvumi. Habari zote zifike kwa huyo mmoja, naye ndiye awagawie wengine. Achaguliwe mtu asiyeshtuka haraka. Mke au mama wa baharia simshauri kazi hii. Ana mzigo wake tayari, na usiku wa manane atataka kuwa na mtu wa kumuuliza.

Namba ya mtu huyu ndiyo iandikwe kwenye usajili wa EPIRB. EPIRB ni kile kifaa cha dharura, mara nyingi cha manjano, kinachotuma ishara kwa satelaiti kwa masafa ya 406 MHz. Kikiwaka, ishara hufika kituo cha uokoaji, na wenye kituo hupiga simu kwa walioandikwa kwenye usajili: mashua hii iko safarini kweli? Mara ya mwisho ilikuwa wapi? Kwa hiyo namba ya ng'ambo usiyoijua, ikipiga saa 9 usiku, kipindi hiki unaipokea. Usidhani ni matapeli.

Mwambie baharia akuonyeshe usajili huo uuone kwa macho yako. Usishangae ukikuta namba ya miaka 6 iliyopita, ya mtu waliyekwisha kuachana naye.

Hatua ya 2. Jazeni karatasi ya safari

Kaa naye mezani, si kwa simu, na uandike mwenyewe huku akikujibu. Jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Jina la mashua, urefu, rangi ya mwili, rangi ya sitaha, rangi ya matanga, namba ya tanga. Nchi ya bendera. Namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa redio ya mashua, ambayo ina tarakimu 9. Utambulisho wa EPIRB, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu uliobandikwa kwenye kifaa; upige picha, maana ukiunakili kwa mkono utakosea. Ana boya la kujiokolea la kupulizwa, rangi gani? Ana maji lita ngapi, chakula cha siku ngapi? Anatumia dawa gani? Nani apigiwe kwao?

Rangi wengi huzipuuza, na ndizo muhimu. Rubani anayetafuta mashua kutoka angani haoni jina lililoandikwa nyuma. Anaona kitu cheupe kwenye maji yenye mapovu meupe. Kama sitaha ina turubai la rangi ya chungwa, andika.

Mwisho andika njia anayokusudia na bandari za kukimbilia. Atakuambia kwamba upepo ndio utakaoamua, na ni kweli. Kutoka kwetu kwenda Mahé ni mashariki moja kwa moja, na pepo zetu mbili zote hazimpi mgongo njia nzima. Atakwenda upande akitafuta upepo, wakati wa kaskazi ataufuata mkondo unaokwenda mashariki, kusini kidogo mwa ikweta, na mstari wake ramanini utafanana na njia ya mlevi. Andika hivyo hivyo. Siku ya 5 mtu akija kukuuliza mbona anaelekea Somalia, utakuwa na jibu.

Hatua ya 3. Kubalianeni saa, na namna ya kuandika mahali

Hatua hii ndiyo iliyonitia aibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mara ya kwanza kupewa kazi hii, yule bwana aliniandikia kwamba ataleta ujumbe "8". Mimi nikasubiri saa nane mchana. Yeye alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi, kwa saa yao wazungu. Ujumbe ukaja mapema, nikauona na kudhani ni wa ziada. Siku ya pili mtambo wake wa satelaiti ukawa mzito, ujumbe ukachelewa, mimi na "saa nane" yangu nikaona mchana unapita. Kufika magharibi nilikwisha mtia hofu dada yake aliyeko ng'ambo, bure kabisa.

Sasa natumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, peke yake, kwa tarakimu 4. Saa 0500 UTC ni saa 2 asubuhi kwetu na saa 3 asubuhi Ushelisheli, kwa sababu wao wako saa moja mbele yetu. Chora jedwali dogo la saa hizo ulibandike ukutani karibu na kitanda.

Mahali nako kuna mtego. Kilifi iko karibu digrii 3 na dakika 38 kusini. Kuna vifaa vinavyoandika 3°38′, vingine vinaandika 3.63, na hapo ni pale pale. Ukisoma 3°38′ ukaiandika 3.38, umemhamisha mtu maili 15. Maili 15 baharini ni nyingi. Meli ya kumtafuta itapita isimwone. Chagueni mtindo mmoja, digrii na dakika, na mfanye jaribio mkiwa bado nchi kavu: akutumie mahali alipo, wewe uweke nukta kwenye ramani, kisha mwangalie pamoja. Nukta ikiangukia Malindi, rudieni.

Kwenye daftari langu mstari wa siku huwa hivi:

*Siku ya 2. 0500 UTC. 3°41′ kusini, 42°10′ mashariki. Upepo kaskazini-mashariki noti 12. Amelala kwa vipande. Amekula viazi.*

Hiyo "amekula" usiiache. Mtu anayekula yuko sawa. (Noti ni maili za baharini kwa saa.)

Hatua ya 4. Wekeni siku ya wasiwasi na siku ya kupiga simu

Mashua ya futi 30 na kitu huenda maili 100 hadi 120 kwa siku pakiwa na upepo wa kutosha. Gawanya 940 kwa 110, unapata siku 8 na nusu. Kisha ongeza zigizaga, ongeza siku za shwari ambapo bahari inakuwa kama sahani ya mafuta, na unafika 12 bila mtu kukosea chochote.

Basi baharia mwenyewe aandike kwa mkono wake tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kuanza kuulizia. Ya pili ni ya kutoa taarifa rasmi. Kwa safari hii wengi wangu huandika siku ya 14 na siku ya 16, lakini ni yeye aamue. Ndiye anayeijua mashua yake na maji aliyobeba.

Kwa upande wetu wa bahari taarifa hupelekwa Kituo cha Kuratibu Uokoaji Baharini kilichopo Mombasa. Kilianza kazi 2006 na kinashirikiana na wenzao wa Dar es Salaam na Ushelisheli. Tafuteni namba zake za sasa kabla ya safari, mzipigie mara moja kuhakikisha zinaita, mziandike juu ya karatasi ile ya safari kwa wino mwekundu.

Tarehe hizo zina nafasi tatu za kuvunjwa, na zote ni za kupiga simu *papo hapo*: EPIRB imelia, ujumbe wa mwisho ulitaja hatari (maji yanaingia, ameumia, mlingoti umevunjika), au kimbunga kimeelekea alipo. Tena, kukiarifu kituo mapema kwamba "tuna mtu baharini, hajatusemesha" hakumaanishi umeagiza meli itumwe. Wataandika tu. Usiwaonee haya.

Hatua ya 5. Msimpangie tarehe

Kosa hili ni la marafiki, si la baharia. Mmekwisha kodi viti, shangazi ametoka Nairobi na basi la usiku, mpishi amechinja. Halafu Ijumaa asubuhi upepo umegeuka, au pampu ya maji machafu imegoma, naye anaona haya kuwaambia mrudi nyumbani.

Mwaka 1968 kulikuwa na mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila kutua, na mwisho wa kuondoka ulikuwa Oktoba 31. Mwingereza Donald Crowhurst aliondoka Teignmouth siku hiyo hiyo ya mwisho, mashua haijakamilika, vipuri vingine vimebaki gatini. Julai 1969 mashua ilikutwa Atlantiki ikielea, ndani hamna mtu. Yako mengi yaliyomfika kati hapo, ila lile la kuondoka kwa sababu kalenda na watu wanangoja, hilo tunaweza kumwepushia mwenzetu.

Kwa hiyo fanyeni karamu ya kuaga siku 3 au 4 kabla, mle, mcheke, mpige picha. Siku ya kuondoka yenyewe isiwe na mialiko. Mwambieni waziwazi: "Ukituambia hapana asubuhi ile, hatutauliza kwa nini." Wazee wetu walikwisha sema usisafirie nyota ya mwenzio, na hapa nyota ni ya kwake.

Angalia na suala la karatasi. Akishagongewa muhuri wa kutoka uhamiaji na forodha, hana tena ruhusa ya kurudi mjini kula biriani. Mihuri iwe kitu cha mwisho, hali ya hewa ikishaonekana nzuri.

Hatua ya 6. Zawadi na chakula

Mashua ni chumba kidogo kinachorushwa huku na huku. Kila mnacholeta kitahitaji kufungwa kwa kamba. Msilete vioo, msilete maua ya chungu, msilete picha kubwa ya fremu. Na jamani, msimletee paka.

Vinavyofaa: mayai yaliyotoka kwa mfugaji, ambayo hayajawahi kuingia friji, kwa sababu yakishapozwa hayadumu, ayageuze kila siku. Vitunguu, viazi, maboga, kabichi nzima iliyofungwa gazeti. Malimau na ndimu kwa wingi, na achari ya embe, maana siku ya 6 mdomo unakuwa kama wa mgonjwa. Tangawizi mbichi ya kutuliza kichefuchefu. Kashata na halua kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaokaza. Ndizi mpeni kidogo, tena za hatua tofauti za kuiva. Mkungu mzima huiva siku moja, na mtu mmoja hawezi kula ndizi 80 kati ya asubuhi na jioni.

Chakula cha siku 2 za kwanza kiwe kimekwisha kupikwa. Tumbo la baharia yeyote, hata aliyezaliwa jahazini, huwa halijatulia wakati huo, na kuwasha jiko ndiyo adhabu yenyewe. Mahamri, viazi vya kuchemsha, wali mkavu bila nazi (wa nazi huchacha upesi), chupa ya uji mwepesi. Pilau yenye mafuta mengi kuleni nyie gatini.

Onyo kuhusu maboksi. Boksi la karatasi ngumu lisivuke ukingo wa mashua. Mende hutaga kwenye mikunjo yake. Pakueni kila kitu gatini, osheni matunda kwa maji baridi, yakauke, ndipo yaingie. Niliwahi kumpelekea rafiki boksi zuri la maembe nililofungiwa sokoni, nikajiona mtu wa maana. Ujumbe wake wa siku ya 9 ulikuwa na maneno mawili: "Mende. Asante."

Zawadi inayopendwa kuliko zote haina uzito: bahasha. Kila rafiki aandike barua fupi, juu yake aandike siku ya kuifungua. Siku ya 3, siku ya 7, siku ya kwanza ya shwari, siku utakayotukasirikia. Zitieni ndani ya mfuko usiopitisha maji. Watoto wachore. Yule wa ng'ambo ambaye hakuweza kufika atume maneno, mumnakilie kwa mkono.

Hatua ya 7. Usiku wa kuamkia safari, mwacheni alale

Aliye peke yake hana wa kupokezana naye zamu. Karibu na pwani na kwenye njia za meli hulala kwa vipande vya dakika 20, na dakika hizo zina hesabu yake. Meli kubwa ataiona ikiwa kama maili 8. Yeye anakwenda noti 5, meli noti 18, wakielekeana maili hizo zinaisha kwa dakika 21. Usiku wa kwanza, wenye meli za Mombasa na mitumbwi ya wavuvi isiyo na taa, huenda asifumbe macho kabisa.

Sasa nyie mkimkalisha hadi saa 7 usiku kwa gumzo, mmemwibia usingizi ambao hataupata tena hadi siku ya 3. Saa 2 usiku aganeni, mwende. Anayetaka kulia alilie nyumbani kwake.

Hatua ya 8. Asubuhi gatini

Fikeni saa moja kabla ya muda wake, muwe wachache. Mpeni kazi za mikono mtu mwenye mikono: huyu afungue kamba ya omo, huyu ya tezi, kila mmoja ajue yake na angoje aambiwe. Wengine wakae nyuma. Nimeona watu 3 wakivuta kamba moja pande 3 kwa sababu ya mapenzi.

Dua isomwe *kabla* injini haijawashwa. Akiwa ni wa kanisani, mchungaji asali. Akiwa hana dini, nyamazeni naye dakika moja, atafurahi. Ubani ufukizwe nchi kavu, si ndani, kuna gesi ya kupikia mle. Kikuba au shada la asumini avae shingoni, lakini msimwagie maua majini kuzunguka mashua, wala msirushe karatasi za rangi. Hufyonzwa na tundu la maji ya kupozea injini, nayo injini huchemka katikati ya mlango wa mwamba, pale pa kutokea bahari kuu.

Maneno ya kuaga yawe mafupi. "Fika salama" inatosha. Mimi simuulizi mtu "utafika lini?" pale gatini, tumekwisha liandika kwenye karatasi, na kulisema kwa sauti kunamfunga.

Kabla kamba haijafunguliwa, mshika simu aulize mambo 4 na apate jibu la mdomo: Kifaa cha kufuatilia kimewashwa? EPIRB iko mahali pake? Kamba ya kujifungia imevaliwa? Simu ya nchi kavu iko ndani? La mwisho msicheke. Limeshatokea, simu ikabaki juu ya pipa.

Hatua ya 9. Kumsindikiza

Saa ya kutoka huamuliwa na maji. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo hupita mlangoni. Maji yakitoka kwa nguvu huku upepo unavuma kutoka baharini, mlangoni panasimama mawimbi mafupi yenye makali. Afadhali atoke maji yakiwa yamejaa na kutulia, na kukiwa na saa kadhaa za mwanga mbele yake.

Boti ya kusindikiza ikae upande, mbali kiasi cha urefu wa mashua 3 au 4, isimkatie mbele wala isimfuate nyuma kwa karibu. Nyuma kabisa ya mashua nyingi za namna hii kuna usukani wa upepo, ule mtambo mwembamba unaoshika njia mwenyewe akilala. Ndiye baharia wake wa pili. Kuna mwaka boti yetu ilisogea ili mtu ampe thermosi ya kahawa, wimbi likatusukuma, omo yetu ikaugonga. Chuma kikapinda kama kijiko. Alirudi akangoja siku 6 fundi akinyoosha na kuchomelea, na thermosi yenyewe ilizama.

Kuanzia hapo kanuni yangu ni hii: akishaachia kamba, hakuna kinachopita kutoka mkono hadi mkono. Kilichosahaulika kimesahaulika.

Mwisho wa kusindikiza ni nje kidogo ya mlango, mara tu anapozima injini na tanga kubwa linashika upepo. Zungukeni mara moja, pigeni kelele mnavyotaka, rudini. Msijifanye mashujaa wa kwenda naye maili 10. Kurudi ni dhidi ya jua machoni au dhidi ya maji, na boti yenu huenda haina redio. Redio ya VHF, ile ya masafa mafupi, kama mnayo ya mkononi, semezaneni naye mara ya mwisho kwenye chaneli mliyopanga baada ya kuitana chaneli 16. Ufukweni na redio ya mkononi, usitarajie zaidi ya maili chache.

Mkifika gatini mshika simu aandike saa. Safari imeanza kwenye daftari.

Hatua ya 10. Siku za kungoja

Andika mstari wa kila siku, weka nukta, tuma habari moja kwa wote jioni. Moja. Msimtumie yeye maswali. Kila ujumbe wa satelaiti unakula umeme na pesa, na kumjibu kila mtu kunamchosha. Mtumieni anachokiomba, kwa kawaida utabiri wa upepo, na matokeo ya mpira kama ni mtu wa mpira.

Mahali alipo msipatangaze mitandaoni akiwa bado njiani. Utekaji wa maharamia wa Kisomali ulirudi mwishoni mwa 2023, meli ya mizigo MV Ruen ilitekwa Desemba mwaka huo, na mtu mmoja kwenye mashua ya noti 5 hana cha kukimbilia. Picha za kuondoka zichapisheni akishafika.

Mambo yakienda kombo

*Nukta zimekoma ghafla.* Mara nyingi ni betri, maji ya chumvi kwenye waya, au malipo ya huduma yameisha. Anza na hilo la malipo, linaweza kulipiwa kutoka nchi kavu. Halafu soma tarehe mbili za hatua ya 4, ukae. Robin Knox-Johnston, aliyekuwa wa kwanza kuzunguka dunia peke yake bila kutua, redio yake iliharibika. Tangu alipoonekana New Zealand Novemba 1968, dunia haikusikia neno hadi Aprili 1969, alipoonekana na meli ya mafuta karibu na visiwa vya Azores, Atlantiki. Wengi walikwisha mkatia tamaa. Tarehe 22 mwezi huo aliingia Falmouth, Uingereza, baada ya siku 312. (Mashua yake ya mbao ilijengwa Bombay na iliitwa Suhaili. Mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Ni suheli yetu, yaani kusini.)

*Nukta zinasogea kidogo sana, au zinarudi nyuma.* Huenda ameisimamisha mashua makusudi ili alale au atengeneze kitu, nayo inapeperuka na mkondo. Kama ujumbe wa siku unafika, hakuna shida. Kama nukta zinasogea noti 1 au 2 upande wa mkondo kwa zaidi ya siku nzima, naye hajibu, wapigie kituo uwaeleze.

*EPIRB imelia halafu anasema ni bahati mbaya.* Hutokea, kifaa kikigongwa au kikilowa kikiwa kimetolewa kwenye kishikizo chake. Akizime, na wewe ukiarifu kituo mara moja. Hakuna atakayemfunga. Kukaa kimya huku ndege inatayarishwa ndiko kubaya.

*Karatasi inasema siku ya 16, familia inataka upige siku ya 5.* Waonyeshe mwandiko wake mwenyewe. Wasipotulia, kiarifu kituo kwa taarifa tu, kisha waambie umefanya hivyo. Nusu ya hofu huisha hapo.

*Amerudi baada ya siku 2.* Tanga limechanika, au moyo umekataa. Nendeni mumpokee na chai, mshike kamba, msitoe simu kupiga picha. Mihuri ya uhamiaji itatafutwa kesho yake, mtu mmoja amsindikize ofisini. Mkitaka kufanya mzaha, subirini auanze yeye.

*Amefika, ameandika "Mahé" na kunyamaza.* Bado hajamaliza. Atangoja maofisa wa bandari wampande, ndipo alale saa 14 kama jiwe. Msimpigie. Andika saa kwenye daftari, piga mstari chini. Kama mlikiarifu kituo, wapigie uwaambie wafunge faili, halafu mpigie mama yake kabla hujawaambia wale 40. Na mwenye boti ya kusindikiza bado anadai petroli yake.